Kivuli Kinapopimwa Kabla ya Kuelezwa
Programu ya elimu ya msingi ya International Baccalaureate, shirika la kimataifa la mitaala ya shule, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa watoto wa miaka 3 hadi 12, hupanga masomo kwa mada sita pana zinazovuka mipaka ya somo moja moja. Kinachonivutia zaidi ni kwamba mtoto anayeuliza kwa nini kivuli chake hurefuka jioni haharakishiwi jibu, bali hupewa nafasi ya kukipima asubuhi, adhuhuri na alasiri, kulinganisha vipimo na kukisia sababu kabla mwalimu hajaeleza lolote. Kwa mwalimu, maandalizi ya somo la namna hii ni mazito kuliko ya kuhutubia darasa, jambo ambalo sisi wazazi hatulioni kwa urahisi. Hata hivyo, sidhani kwamba udadisi pekee humfundisha mtoto herufi. Kusoma na kuhesabu bado huhitaji mazoezi ya kila siku yanayoongozwa na mwalimu.