Nilivyoumudu mzingile wa maandishi bila ramani ya mtu mwingine

Nimeumaliza mzingile wa Colossal Cave Adventure kwa ramani niliyoichora mwenyewe, na najivunia. Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa maandishi matupu, hauna picha hata moja. Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa pia kuzuru mapango, aliutunga katikati ya miaka ya 1970 kwa kufuata mapango halisi ya Kentucky, Marekani. Don Woods akaupanua mwaka 1977. Unaandika upande unaotaka kwenda, kompyuta inakueleza umefika wapi, basi.

Ushauri niliopewa kila mara ulikuwa: shika ukuta wa kulia, utatoka tu. Huo ulinikera mno. Humo ndani hakuna ukuta wala kulia. Ukienda kaskazini kisha ukageuka kusini, huenda usirudi ulikotoka, kwa sababu njia zenyewe zimepinda. Na karibu vyumba vyote vya mzingile ule vina maelezo yaleyale, neno kwa neno, hata hujui kama umesogea. Wengine wakaniambia nipakue ramani iliyo tayari. Sasa zoezi la akili liko wapi hapo?

Dawa yake ni kuacha vitu. Niliingia na kila nilichoweza kubeba: funguo, chakula, chupa, fimbo, kizimba cha ndege. Chumba cha kwanza nikadondosha funguo, nikajaribu upande mmoja. Maelezo yaleyale, ila safari hii funguo hazipo: basi hiki ni chumba kipya, nikaacha chupa. Kuna njia nyingine niliyoifuata nikakuta funguo zangu mbele yangu. Njia ile ilikuwa imejikunja na kunirudisha palepale. Kila jibu nililiandika kwenye jedwali, vyumba kushuka chini, pande kumi kwenda kulia, juu na chini zikiwemo. Usiache hazina kama alama. Kuna haramia anayeziiba, na sanduku lake amelificha humohumo kwenye mzingile.

Vitu vikaanza kuniishia, na hapa ndipo kichwa kilipofanya kazi kwelikweli. Chumba ambacho nimeshajua njia zake zote, nilikiokotea alama yake nikaipeleka mbele. Nikifika tena kwenye chumba kisicho na kitu, najiuliza: kati ya vile nilivyovivua alama, ni kipi ambacho magharibi yake imeziba na kusini yake inatoka kwenye fimbo? Naenda kusini. Nikiikuta fimbo na nyuma magharibi ilikuwa imegoma, nimekitambua kwa milango yake peke yake. Baada ya muda niliacha kutazama karatasi kabisa, nikawa naandika baada ya kutoka tu.

Hifadhi mchezo kabla hujaingia, maana betri za taa huisha. Mashine inayouza betri mpya imo kwenye mzingile wa pili, ule ambao maneno ya maelezo yanabadilishwa mpangilio kidogo tu kutoka chumba hadi chumba. Huko huhitaji kuacha kitu, unahitaji kusoma kwa makini, na wanaosoma harakaharaka ndio wanaozunguka hadi wanakata tamaa.

Anayeanza asikimbilie hapo. Aanze na Hunt the Wumpus wa Gregory Yob, wa mwaka 1973: vyumba 20 vyenye namba, kila kimoja kina njia tatu. Ukisikia harufu, Wumpus, mnyama unayemwinda, yuko chumba cha jirani. Ukisikia upepo, kuna shimo. Unalinganisha dalili za vyumba viwili na kumwotea alipo kabla hujarusha mshale.

Sasa niko kwenye Zork, mchezo mwingine wa maandishi, ambako mwizi anazurura akiokota vitu unavyoacha, kwa hiyo mbinu yangu ya alama haiaminiki tena. Lakini kwenye mzingile wake kuna chumba chenye mifupa ya binadamu isiyobebeka, na jedwali langu jipya nimelianzia hapo.