Hawa Wanataja Magari

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii nimelemewa na ombi moja. Jumatano, kwenye ibada ya nyumbani hapa Ngokolo, mama mmoja ninayempenda sana aliniombea kwa machozi, kwamba Bwana amrudishie mwalimu gari lake na kumfuta aibu. Watu waliitika Amina kwa nguvu. Nami niliitika, maana mtu akikulilia mbele za Mungu huwezi kumkatiza. Lakini nilirudi nyumbani na moyo mzito. Gari letu halikuibiwa wala hatukufilisika. Tuliliuza wenyewe, mimi na baba watoto, baada ya kuomba na kukaa mezani na kalamu na karatasi. Tangu hapo naenda shuleni kwa baiskeli, naye anaenda kazini kwa baiskeli yake, na safari ya mbali tunapanda basi. Kilichoninyima usingizi ni hilo neno la mwisho la ombi. Hiyo aibu ambayo Bwana anaombwa anifute, ni nani aliyeniwekea?

Tusome Zaburi 20:7. "Hawa wanataja magari na hawa farasi, bali sisi tutalitaja jina la BWANA, Mungu wetu." Daudi alikuwa na magari ya vita machoni pake, yale ya kukokotwa na farasi, na mataifa jirani waliyategemea kama watu wanavyotegemea ukuta. Sisi hatuendi vitani na magari yetu. Lakini kule kulitaja, kule kuliweka gari mdomoni kama jibu la swali "wewe ni nani", hilo tunalo, na kanisani tunalo kuliko sokoni.

Nitaeleza kwa kifupi sababu zetu, ili mtu asidhani natafuta sifa. Gari lilinunuliwa kwa mkopo wa mshahara, na makato yalikuwa yananing'ang'ania kila mwisho wa mwezi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, ikitangaza bei ya mafuta, nyumba nzima ilikuwa inasikiliza kwa hofu, na mwaka 2022 lita ya petroli ilipovuka shilingi 3,000, mtoto wa marehemu dada yangu, anayekaa nasi, alikuwa anasubiri ada. Neno linasema akopaye ni mtumwa wake akopeshaye (Mithali 22:7). Tukauza, tukafuta deni, mtoto akaingia bweni. Hayo yanatosha.

Na hapa kwetu Shinyanga baiskeli si jambo geni. Mji ni tambarare, na watu wameendesha Phoenix tangu zamani. Wapo mafundi waliolea familia kwa baiskeli za watu, wapo akina mama wanaopakia gunia la mkaa kwenye keria na kumfunga mtoto mgongoni juu yake. Mimi nimejifunza upya mambo niliyoyajua nikiwa msichana: kukunja kitenge na kukibana chini ya paja kisiingie kwenye cheni, kuteremka kwenye mchanga kabla mchanga haujaniteremsha, kukaa pembeni kabisa nikisikia lori nyuma yangu kwenye barabara kuu. Masika ni kazi. Udongo mweusi wa mbuga unanata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, unabaki kuchokonoa kwa kijiti huku wanafunzi wanakupita na viatu mkononi. Siku hizo nafika nimelowa, na namshukuru Mungu kwa khanga ya akiba ninayoiweka ofisini. Sisemi ni rahisi. Nasema si aibu.

Sasa nataka tukae kidogo kwa wana wa Daudi, maana wiki hii Roho amenirudisha huko mara nyingi. Fungua 2 Samweli 15. Absalomu alipoanza kuutamani ufalme wa baba yake, hatua yake ya kwanza ilikuwa ipi? Alijiwekea gari na farasi, na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Kabla ya kusimama langoni kuwarubuni watu, kabla ya kwenda Hebroni, gari kwanza. Miaka ikapita, Absalomu akafa kwenye mwaloni, na tungetegemea ndugu zake wajifunze. Fungua 1 Wafalme 1. Adonia anasema, mimi nitakuwa mfalme, naye anafanya nini? Magari, wapanda farasi, na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Hamsini walewale! Kijana amemwona kaka yake akiangamia katika njia ile, na bado alipotaka kuonekana mkubwa hakuona njia nyingine.

Na yule aliyekuwa amechaguliwa alifikaje? Sadoki kuhani, Nathani nabii na Benaya walimpandisha Sulemani juu ya nyumbu wa mfalme Daudi, wakamshusha mpaka Gihoni, akapakwa mafuta pale. Nyumbu wa baba yake. Hakuna gari, hakuna watu hamsini. Na Biblia inasema watu walishangilia mpaka nchi ikapasuka kwa sauti zao, na karamu ya Adonia ikavunjika kila mtu akashika njia yake. Mafuta ya Bwana hayakuuliza amekuja na nini.

Inaniuma kwamba Sulemani huyohuyo baadaye alikuwa na magari 1,400 na wapanda farasi 12,000, wakati torati ilikuwa imemwonya mfalme asijizidishie farasi wala kuwarudisha watu Misri kwa ajili yao (Kumbukumbu 17:16). Mwandishi wa Wafalme ametuachia hata bei: gari moja kutoka Misri shekeli 600 za fedha. Kumbe tangu wakati ule gari lilikuwa kitu cha kuagiza nje kwa fedha nyingi, na wananchi ndio waliobeba mzigo. Kongwa lao walikuja kulilalamikia kwa Rehoboamu, na ufalme ukagawanyika.

Naye Mwana wa Daudi aliye mkuu kuliko wote aliingia Yerusalemu juu ya mwana-punda wa kuazima. Tena aliahidi kumrudisha.

Nilikuwa nimepanga niandike pia juu ya afya na juu ya kuridhika, 1 Timotheo 6:6, "utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa." Someni wenyewe. Kuna jambo lingine limenishika, na nikiliruka nitakuwa nimewaficha ninyi jambo ambalo Bwana amenionyesha.

Wiki iliyopita nilipata pancha nikitoka shule. Kuna fundi chini ya mwarobaini, karibu na njia ninayopita. Nilipokuwa na gari sikuwahi kukaa pale, sikuwa na sababu. Nilikaa kwenye benchi lake akatoa mpira, akaujaza upepo, akauzamisha kidogo kidogo kwenye karai la maji huku akiuzungusha, mpaka vipovu vikatoka. Akaweka alama kwa kijiti, akakausha, akasugua kwa msasa, akapaka gundi, akaipulizia. Kiraka hakitaki haraka, kwa hiyo tulizungumza. Akaniuliza, mwalimu, wewe unasali wapi? Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akasema, nilikuwa nasali pale.

Nikamwuliza kwa nini aliacha. Akaeleza bila hasira. Jumapili moja alifika na baiskeli yake, yenye sanduku la vifaa nyuma kwa sababu baada ya ibada alikuwa anakwenda kazini. Mlangoni akaambiwa hiyo aiweke nje ya ukuta, ndani ni maegesho ya magari. Akaiweka nje. Alipotoka, sanduku lilikuwa limefunguliwa, spana na pampu hazipo. Alisema, mwalimu, kilichoniuma si spana. Gari lililokuja nyuma yangu, wahudumu wawili walikimbia kulifungulia geti.

Wapendwa, nilishindwa kumjibu. Nilimlipa, nikamwomba msamaha kwa niaba yetu, nikamwambia nitarudi. Nilipofika nyumbani nilifungua Yakobo 2, sura ambayo tumeifundisha Sunday school, tumeifanyia mashindano ya kukariri. "Ndugu zangu, imani ya Bwana wetu Yesu Kristo, Bwana wa utukufu, msiwe nayo kwa kupendelea watu." Kisha Yakobo anatuchorea mlango wa kanisa. Anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu, anaambiwa, keti wewe hapa mahali pazuri. Anaingia maskini, anaambiwa, simama wewe kule. Simama wewe kule! Badilisha pete iwe funguo za gari na hutahitaji kubadilisha kitu kingine chochote.

Naomba mnivumilie niseme kama dada na mama yenu. Tumewafundisha watu vibaya. Tukisikiliza shuhuda zetu za mwisho wa mwaka, anayepata gari anasimama madhabahuni, tunapiga vigelegele, mchungaji anatoka nje kuliwekea mikono. Anayemaliza deni anasimama wapi? Aliyeacha kukopa ili awalishe wazazi wake, nani anamwita mbele? Vijana wetu wanatuangalia. Kijana aliyepata kazi mwaka jana tayari amechukua mkopo mkubwa ili Jumapili asionekane akishuka kwenye bajaji, na anakula mlo mmoja. Hatukumfundisha hivyo kwa mahubiri. Tulimfundisha kwa namna tunavyofungua geti.

Wainjilisti waliotuletea Neno huku usukumani na kwingineko Afrika Mashariki, wengi wao walikwenda kwa miguu na kwa baiskeli, Biblia na kitabu cha nyimbo vimefungwa kwa mpira kwenye keria. Babu zetu waliamini ujumbe wa watu wenye vumbi mpaka magotini. Leo mwinjilisti wetu anatoka mtaa wa mbali kwa baiskeli, na tunamhurumia kwa maneno, halafu tunamweka kiti cha nyuma.

Ewe dada unayetembea kwa miguu kuja ibadani, ewe kijana unayebeba abiria kwa baiskeli kuanzia alfajiri, sikiliza. Hakuna kitu kilichopungua kwako mbele za Mungu. Yakobo anauliza, Mungu hakuwachagua maskini wa dunia wawe matajiri wa imani? Usiingie kwa mlango wa pembeni. Usifute viatu vyako kwa kujificha. Usikubali mtu akuombee ufutiwe kitu ambacho Baba yako hakikuwahi kumchukiza. Inua kichwa, ingia, kaa mbele, imba. Ukifika na jasho, umefika na jasho la safari ya kumtafuta Bwana. Mimi nitasogea upate nafasi.

Na wenye magari msikie vizuri, maana siwasemi kwa chuki. Gari si dhambi. Limewahisha wajawazito hospitali usiku, limebeba majeneza ya watu wetu. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa na gari, na ndani yake alikuwa anasoma Isaya. Filipo alikuwa chini, anapiga mbio vumbini. Roho hakumwambia towashi ashuke auze. Lakini angalia alichofanya mwenye gari alipogundua mtembea kwa miguu ana neno ambalo yeye hana: akamsihi apande, aketi pamoja naye. Wakakaa kiti kimoja, tajiri wa nyumba ya malkia na mhubiri mwenye miguu michafu, na safari hiyo ikaishia majini kwa ubatizo. Kaka yangu mwenye gari, viti vyako vya nyuma Jumapili vinabeba nani?

Kwa mama yangu aliyeniombea: nimekuja kwako jana jioni tukazungumza, na nakushukuru kwa kunisikiliza. Endelea kuniombea. Niombee magoti, niombee mvua zinazokuja, niombee nisijivune kwa baiskeli kama wengine wanavyojivuna kwa gari, maana hata hilo nimeliona likinyemelea.

Wazee wa kanisa, nimeshaongea na mwenyekiti, naye amekubali lije kwenye kikao cha Alhamisi. Ninaomba mambo mawili. Kivuli cha ule mkwaju ndani ya geti kiwe cha baiskeli, na bomba la chuma lichimbiwe pale ili watu wafunge kufuli zao. Na mhudumu mmoja akae upande huo, awasalimie wanaofika kwa baiskeli na kwa miguu kwa majina yao. Gharama ya bomba na saruji tumejitolea mimi na baba watoto, fundi wa kuchomelea tu ndiye hatujampata.

Jumamosi tunakwenda Kizumbi kumwona bibi yetu aliyevunjika nyonga. Tunaondoka saa moja asubuhi kabla jua halijakaza. Yule fundi wa pancha amesema atakuja nasi. Wenye magari tunawaomba mchukue wazee na unga na mafuta ya bibi, sisi wengine tutawatangulia kwa baiskeli. Mwenye pampu nzuri aje nayo.