Anapohamia masafa marefu, nani anashika kasi?

Kila bingwa wa mbio za uwanjani anapotangaza kwamba anahamia marathoni, mashabiki huuliza kama mwili wake utaustahimili umbali. Kwa maoni yangu hilo si swali zito zaidi. Mwanamke anayeshindania medali za dunia katika mita 10,000 hana upungufu wa pumzi wala wa kilomita za mazoezi. Anachokosa mara nyingi ni mazoea ya kukaa muda mrefu katika mwendo ambao mwanzoni unaonekana mwepesi mno, na ya kuamua yeye mwenyewe mwendo huo uwe upi. Ndiyo maana ninapofuatilia mbio za kwanza za mtu katika umbali mpya, huandika muda wa nusu ya kwanza na wa nusu ya pili kabla sijashughulika na nafasi aliyoshika.

Hesabu za mizunguko zinaonyesha tatizo lilipo. Julai 2025 mjini Eugene, Faith Kipyegon aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 ya dakika 3:48.68, na siku hiyo hiyo, katika uwanja huo huo, Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, kwa muda wa 13:58.06. Ukizigawa mbio hizo katika mizunguko ya mita 400, utaona kwamba Kipyegon alitumia takriban sekunde 61 kwa kila mzunguko na Chebet sekunde 67. Katika mita 10,000, ambako rekodi ya Chebet ya mwaka 2024 ni dakika 28:54.14, mzunguko mmoja unachukua sekunde 69 na ushei. Nusu marathoni ambayo Letesenbet Gidey aliikimbia kwa saa 1:02:52 mjini Valencia mwaka 2021 inatoa sekunde 71 na nusu, na marathoni ya Tigst Assefa ya saa 2:11:53, Berlin 2023, inatoa sekunde 75. Kwa hiyo anayetoka mita 10,000 kwenda marathoni anaongezewa umbali zaidi ya mara nne, ilhali kasi inayotakiwa kwake kileleni inapungua kwa chini ya sekunde 6 kila mzunguko.

Sekunde hizo chache ndizo zinazowaponza wengi. Aliyezoea mizunguko ya sekunde 67 akiwekwa katika 75 hujiona kama anapasha misuli tu, na akiona wenzake wanakwenda kwa 73 hana sababu yoyote ndani ya mwili wake ya kukataa kuandamana nao. Uwanjani kosa la kasi hujitangaza mapema, kwa kuwa ukianza mita 5,000 kwa haraka iliyopita kiasi utajua kabla ya kilomita ya tatu. Barabarani linaweza kujificha kwa zaidi ya saa nzima. Misuli huendeshwa kwa sehemu kubwa na glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa mwilini, na kadiri kasi inavyosogelea kikomo ambacho mwili unakimudu kwa utulivu, ndivyo sukari hiyo inavyoteketezwa upesi huku mafuta yakichangia kidogo zaidi. Akiba hiyo kwa kawaida huanza kuwa adimu baada ya kilomita 30. Vinywaji vya njiani husaidia, ila tumbo nalo linahitaji kufundishwa kuvipokea katika kasi ya mashindano, jambo ambalo mkimbiaji wa uwanjani hakuwahi kuwa na haja nalo.

Mary Keitany hakuwa mgeni wa marathoni, lakini mbio zake mbili za London zinaeleza suala la kasi vizuri kuliko kitabu cha makocha. Mwaka 2017, katika mbio za wanawake pekee, alifuata mweka kasi wa kike, yaani mkimbiaji anayelipwa kuongoza kwa mwendo uliopangwa kisha kujitoa, hadi kupita nusu ya njia, akafika nusu kwa saa 1:06:54, kisha akabaki peke yake na kumaliza kwa saa 2:17:01. Nusu ya pili ilimgharimu dakika 70 na sekunde 7, lakini rekodi ya mbio za wanawake pekee ikawa yake. Mwaka uliofuata wanaume waliwekwa mbele yake ili waisake rekodi ya Paula Radcliffe ya saa 2:15:25. Siku hiyo ilikuwa na joto kali kwa marathoni, na hata hivyo kundi la mbele lilipita nusu kwa saa 1:07:16, kana kwamba mpango ukishaandikwa haufutiki. Keitany alimaliza wa tano kwa saa 2:24:27. Nusu yake ya pili ilizidi dakika 77.

Aliyeshinda ni Vivian Cheruiyot, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 wa mwaka 2016, ambaye hakuandamana na kundi hilo na akapata saa 2:18:31. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa London hiyo hiyo mwaka 2017, aliposhika nafasi ya nne kwa saa 2:23:50. Mwaka mmoja ulimtosha kupunguza zaidi ya dakika 5, na sidhani kwamba miguu yake ilikuwa imepata nguvu mpya kiasi hicho. Alijifunza kuwaacha wengine waende.

Mjadala kuhusu wanaume wanaowawekea wanawake kasi ni wa zamani, na mara nyingi hujadiliwa kana kwamba ni suala la haki tu. Radcliffe alipoweka rekodi ya saa 2:15:25 London mwaka 2003, waliomwekea kasi walikuwa wanaume, ingawa kwa sehemu kubwa ya njia alikimbia kando yao na si nyuma yao. Mwaka 2005 akakimbia saa 2:17:42 katika mbio za wanawake pekee. Mwaka 2011 Shirikisho la Riadha Duniani liliamua kwamba rekodi za wanawake za barabarani zitoke katika mbio za wanawake tu, malalamiko yakazuka, na mwishowe zikabaki orodha mbili: ya mbio za mseto, ambazo wanawake hukimbia pamoja na wanaume, na ya mbio za wanawake peke yao. Ninaona suluhisho hilo ni la busara kuliko linavyosifiwa, kwa sababu kazi inayofanyika katika aina hizo mbili za mbio haifanani.

Fikiria anayeweza kumwekea kasi mwanamke anayetaka saa 2:12. Mwanamume mwenye uwezo wa saa 2:05 anaweza kuifanya kazi hiyo hadi karibu na mstari wa mwisho, akakinga upepo na kusoma saa kwa niaba ya anayemfuata. Mwanamke anayeweza kushika kasi hiyo kwa kilomita 30 ni mshindani halisi, na hakuna sababu ya yeye kukubali kulipwa ili aondoke njiani. Ndiyo maana katika mbio za wanawake pekee waweka kasi huishia karibu na nusu, na nusu ya pili inabaki mikononi mwa wenyewe. Assefa aliweka pia rekodi ya aina hiyo, saa 2:15:50, London Aprili 2025. Kati ya muda huo na ule wa Berlin kuna karibu dakika 4. Sitasema tofauti yote ni ya waweka kasi, kwa kuwa njia na hali ya hewa havifanani, lakini sehemu yake ni hiyo.

Hata hivyo, mweka kasi mzuri hufanya kazi ya kuzuia kuliko ya kuvuta. Brigid Kosgei alipokimbia saa 2:14:04 Chicago mwaka 2019, nusu zake zilikuwa saa 1:06:59 na 1:07:05, tofauti ya sekunde 6. Assefa mwaka 2023 alipata 1:06:20 na kisha 1:05:33. Ruth Chepng'etich anatoa mfano wa upande mwingine: Chicago mwaka 2022 alipita nusu kwa saa 1:05:44, akamaliza kwa 2:14:18, maana yake nusu ya pili ilimchukua dakika 68 na sekunde 34. Miaka miwili baadaye, mjini humo humo, alithubutu zaidi, nusu kwa 1:04:16, akamaliza kwa 2:09:56, muda ambao umebaki katika vitabu vya rekodi ingawa mwaka 2025 alifungiwa miaka 3 kwa kosa la dawa lililotokana na sampuli ya Machi mwaka huo. Msomaji ataelewa kwa nini napendelea kufundishia kwa mbio za Assefa.

Assefa ananivutia pia kwa sababu aliruka ngazi nyingi. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mwenye muda wa dakika 1:59.24, na alishiriki umbali huo Olimpiki ya Rio mwaka 2016 kabla majeraha hayajamsukuma barabarani. Marathoni yake ya kwanza, Riyadh mwaka 2022, ilikuwa saa 2:34:01, muda ambao haukumshtua mtu. Septemba mwaka huo huo, Berlin, akakimbia 2:15:37, nusu ya pili ikiwa ya haraka kuliko ya kwanza. Wanaodai kwamba kila mtu lazima apite 1,500, kisha 5,000, kisha 10,000 wana kazi ya kueleza hapo. Mimi nadhani ngazi hizo hujenga mwili vizuri, lakini hazifundishi mwendo wa marathoni, kwa kuwa huo hufundishwa na mazoezi marefu ya kilomita nyingi katika kasi ile ile ya mashindano.

Uwanjani siku hizi kuna pia taa za kijani zinazotembea ukingoni kwa kasi iliyopangwa. Kipyegon alipokimbia mita 5,000 mjini Paris Juni 2023, ulikuwa umbali ambao hakuwa ameugusa kwa miaka 8, na wiki moja tu ilikuwa imepita tangu aweke rekodi ya mita 1,500. Akiwa na taa mbele yake na Gidey, aliyekuwa anashikilia rekodi, akiwa mshindani wake wa karibu, alipata dakika 14:05.20 na kuivunja rekodi hiyo. Taa zilimwondolea mgeni wa umbali swali la kasi, naye akabaki na kazi aliyoijua ya kumaliza kwa nguvu. Msaada huo una mpaka, lakini. Juni 2025, mjini humo, waweka kasi 13, wengi wao wanaume, walimzunguka ili akimbie maili moja chini ya dakika 4, akamaliza kwa 4:06.42. Rekodi yake halali ya umbali huo ni 4:07.64, kwa hiyo jeshi lile lote lilimpa sekunde 1 na kitu.

Tatizo la taa na ngao ya wanaume ni kwamba mashindano ya medali hayana hata kimoja. Olimpiki, ubingwa wa dunia, Boston na New York huendeshwa bila waweka kasi, na huko kasi hubadilika kila kilomita chache kulingana na milima, upepo na hila za washindani. Hellen Obiri, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili, alichagua New York kwa marathoni yake ya kwanza Novemba 2022. Alikuwa wa sita, kwa saa 2:25:49. Wapo walioona kwamba alikosea kwa kutoanzia njia tambarare yenye waweka kasi, ambako angepata muda wa kujivunia. Miezi 5 baadaye alishinda Boston, mwaka huo huo akashinda New York, na mwaka 2025 akairejea New York na kuweka rekodi ya njia ya saa 2:19:51, akiipita ile ya 2:22:31 iliyodumu tangu 2003.

Sifan Hassan naye alishinda marathoni ya Olimpiki ya Paris kwa saa 2:22:55 baada ya kuchukua shaba za mita 5,000 na 10,000 katika siku zile zile. Mara kadhaa milimani aliachwa nyuma, na mara kadhaa akarudi taratibu bila kukurupuka, hadi akabaki na Assefa katika mita za mwisho, ambapo kasi ya aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya maili iliamua jambo kwa sekunde 3.

Kwa hiyo Chebet au mwingine wa kizazi chake akiamua kuhama, ningependa aanze na nusu marathoni moja au mbili, kisha marathoni isiyo na waweka kasi, hata kama atashika nafasi ya sita, na Berlin au Chicago ziwe za pili au za tatu. Akifika huko na wanaume wawili mbele yake wakienda kwa dakika 3:05 kwa kilomita, atakuwa anajua kama huo ni mwendo wake, na kama si wake ataweza kuwaambia wapunguze.