Milimita 30 tu: namna nilivyochagua springi na shokapu za kushusha gari

Nilipoamua kulishusha gari langu kidogo, nilidhani jambo kubwa la kuamua ni kiasi cha kulishusha. Nikachagua milimita 30, kwa kuwa nilitaka pengo lililo juu ya tairi lipungue bila gari kuanza kukwaruza tumbo kila linapovuka tuta. Baada ya kulala chini ya gari mara kadhaa nikiwa na tochi na rula, nilitambua kwamba swali lenye uzito zaidi ni lingine: gurudumu litabakiwa na nafasi kiasi gani ya kupanda kabla shokapu haijagota?

Nafasi hiyo niliipima kwa njia ambayo mtu yeyote anaiweza. Nilipandisha kifuniko cha vumbi, nikafunga kwenye fimbo ya shokapu ya mbele kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, nikaiteremsha hadi ikagusa mwili wa shokapu, kisha nikaendesha siku mbili kwenye njia zangu za kila siku. Gurudumu linapopanda, mwili wa shokapu huisukuma kamba juu, na gari linapotulia kamba hubaki pale ilipofikishwa. Niliporudi kuitazama, ilikuwa imesimama milimita 22 chini ya mpira wa kugotea, ule ulio juu kwenye fimbo ambao mwili wa shokapu huugonga nafasi ya kupanda inapokwisha. Kwa hiyo kama ningelishusha gari milimita 30 kwa springi zenye ugumu uleule, mashimo ambayo zamani sikuyasikia yangeanza kunigonga mgongoni.

Hii ndiyo sababu springi nzuri ya kushushia huwa fupi na ngumu zaidi kwa pamoja. Ufupi hushusha gari, na ugumu hufidia nafasi iliyopotea. Ugumu huo nao una madai yake, na hapa ndipo nadhani wengi wetu hukosea, kwa kununua springi peke yake na kuziweka juu ya shokapu zilizokwishachoka. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari, ilhali kazi ya shokapu ni kuituliza isiendelee kurukaruka baada ya kubanwa. Springi ngumu hurudi kwa nguvu zaidi, hivyo shokapu isiyo na uwezo wa kuizuia wakati wa kurudi huliacha gari likidunda mara mbili tatu baada ya kila tuta, na katika kona yenye mabonde tairi huachia barabara kwa muda mfupi ambao ni hatari kabisa.

Kwa sababu hiyo nilinunua seti iliyotengenezwa pamoja, springi na shokapu zenye mwili mfupi, kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Nilihakikisha pia kwamba seti hiyo inalingana na injini ya gari langu na uzito wa ekseli ya mbele, kwa kuwa gari la modeli ileile lenye injini nzito hutumia springi tofauti. Koiloveri, yaani springi na shokapu zilizounganishwa zenye uzi kama wa skrubu wa kupandisha na kuteremsha gari, nilizitamani, nakiri, lakini mtu anayetaka kimo kimoja na kukaa nacho hana haja ya uzi ambao matope na kutu vitaung'ang'ania.

Kukata springi sikulifikiria hata kidogo, na ninamsihi msomaji asilifikirie. Ni kweli kwamba springi iliyopunguzwa mizunguko huwa ngumu zaidi, lakini ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake, na gurudumu linaponing'inia springi inaweza kuchomoka mahali pake. Kuichoma kwa moto ili ikae chini ni kubaya zaidi, kwa sababu chuma kikishapoteza ugumu kiliopewa kiwandani hakuna anayejua kitalegea lini.

Vifaa vidogo ndivyo vilivyonifundisha zaidi. Mipira ya kugotea nilinunua mipya, mifupi kuliko ya awali, pamoja na mauntingi za juu, zile zinazoishikilia shokapu kwenye bodi, na bearingi zake, kwa kuwa kuzifikia baadaye kungedai kufungua kila kitu upya. Bushi za mikono ya chini, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika gurudumu kwa chini, nazo nilibadilisha, na hapo likatokea kosa: fundi alikaza bolti zake gari likiwa bado kwenye jeki, magurudumu yakining'inia. Bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye chuma hujipinda badala ya kuzunguka, hivyo ikikazwa gurudumu likining'inia, hubaki imepindika muda wote gari linaposimama. Baada ya miezi michache mpira wa upande wa kushoto ulikuwa na ufa ambao ncha ya kucha iliingia. Za pili nilisimamia mwenyewe zikikazwa uzito wote wa gari ukiwa juu ya magurudumu.

Alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu, niliifanya baada ya wiki mbili, springi zilipokwisha kukaa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameinama kidogo kuelekea ndani kwa juu, jambo ninaloweza kuishi nalo. Kilichohitaji kurekebishwa upesi ni mwelekeo wao, kwani tairi linalotazama pembeni huburuzwa kila mita na kuliwa haraka kuliko lile lililoinama tu. Taa za mbele nazo zilielekezwa upya.

Kimo nilikipima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, ili upepo wa tairi usiniharibie hesabu: mbele milimita 381 kabla, 350 baadaye. Ile kamba ya plastiki sikuitoa. Jana, baada ya safari nikiwa na abiria wanne, niliikuta imesimama milimita 14 chini ya mpira wa kugotea.