Nyoka wa maji kwenye bwawa la nyuma ya nyumba, anafuata nini hasa

Watu wengi hapa Ujiji wakisikia una bwawa nyuma ya nyumba swali la kwanza ni nyoka, la pili ndo samaki. Na nyoka akionekana tu basi ni kelele, fimbo, mawe, watoto wanakimbia huku na huku, muda si mrefu kashauawa na hakuna hata mmoja aliyemwangalia vizuri. Mimi hii kitu inaniuma kiukweli, maana wengi wanaouawa kwenye hivi vibwawa vyetu hawana sumu ya kumdhuru mtu, na ukitulia ukamtazama unaona wazi kaja kufanya nini na nini kitamfanya aondoke.

Bwawa langu ni la kuchimba tu, sehemu moja perege, sehemu nyingine nimetenga kambale, pembeni nimepanga mawe ili udongo usimomonyoke. Anayekuja sana ni kanyoka kembamba ka rangi ya kijani kibichi kilichofifia kuelekea kahawia, mgongoni kana mstari mpana uliokolea, tumbo la njano, na kwenye mdomo wa juu kana vijistari vyeusi kama mshono. Kitaalamu anaitwa Natriciteres olivacea, mara nyingi hata sentimita 50 hafiki. Asubuhi jua likishapata nguvu kidogo anatoka kwenye mawe anajilaza, mwili kaubana chini uwe bapa ili apate joto jingi, kwa sababu nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi, bila jua hawezi kukimbia vizuri wala kusaga chakula tumboni. Hapo ukisogea anaingia majini bila hata kuacha mawimbi. Akiwa majini anapumua kwa mapafu, kwa hiyo subiri tu, utaona kichwa kinachungulia katikati ya majani, pua tu na macho, ulimi unatoka unaingia. Ule ulimi watu wanauogopa bure, hauchomi wala hauna sumu, ndo anavyonusa.

Siku moja nilimuona akimla chura pale kwenye kona ya kambale, sikuwa mbali kabisa. Alimkamata mguu wa nyuma, chura akawa analia ile sauti nyembamba kama ya mtoto, kajijaza upepo amevimba ili asimezeke, na nyoka wala hana haraka, anasogeza taya upande huu halafu upande ule, huu halafu ule, mguu unaingia, kiuno kinaingia, mpaka mwisho yakabaki macho na mikono miwili ya mbele imetangulia hewani halafu nayo ikapotea. Akakaa kimya pale pale na uvimbe wake tumboni. Samaki walikuwa wanapita karibu yake na hakuwajali.

Hapo ndo penyewe. Anafuata vyura. Mvua zikianza huku kwetu, Oktoba kuelekea Novemba, vyura wanaimba usiku kucha, wanataga, viluwiluwi wanajaa, na yeye anakuja. Halafu anakuja tena kiangazi, Juni mpaka Septemba, kwa sababu tofauti, madimbwi yamekauka, mashamba ya mpunga kule Luiche yamekuwa makavu, bwawa lako ndo limebaki na maji na viumbe vyote vya karibu vinahamia kwako. Anakula na visamaki vidogo pia, sikatai, lakini wenzangu wanaofuga kambale wanajua, vifaranga wanapotea sana na chura mwenyewe ni mmoja wa wezi wakubwa, vyura wale wanaoishi majini wanawameza vifaranga bila huruma, na kambale wenyewe wakipishana ukubwa wanalana wao kwa wao. Ndege je. Kwa hiyo ukiua nyoka anayekula vyura halafu vifaranga wakaendelea kupungua, usishangae, ulimuua asiyehusika sana.

Kitu kingine ambacho nataka watu wajue, huyu akishikwa mkia anaukata. Yani anajizungusha kwa nguvu mkia unabaki mkononi unacheza, yeye anakimbia, na tofauti na mjusi, wa kwake hauoti tena. Ndo maana utakuta wengi wana mkia butu. Watoto wa jirani waliwahi kuniita, "Baba njoo uone, nyoka hana mkia!", wakidhani ni jini, nikawaeleza kwamba huyo alishaponea kwenye mdomo wa ndege au kenge, muacheni aende zake.

Sasa kama hutaki awepo, dawa siyo zile wanazouziana mtaani. Kuna watu wanamwaga mafuta ya taa pembeni ya bwawa, wengine oili chafu, yakiingia majini yanatanda juu, na kambale lazima apande juu kuvuta hewa, kwa hiyo unamuua samaki na nyoka anahamia upande wa pili. Vitunguu swaumu sijaona vikimzuia nyoka yeyote. Kinachofanya kazi ni kumwondolea alichokifuata, kata majani marefu ya pembeni, ondoa ile lundo la matofali na vigae vilivyovunjika, taa ya nje isiwake usiku kucha juu ya maji kwa sababu taa inaita wadudu, wadudu wanaita vyura, na vyura ndo hao. Na tafadhali msizungushie vile vyandarua vilivyochanika. Nyoka anaingiza kichwa kwenye tundu, magamba yanagoma kurudi nyuma, anakufa kwa jua taratibu kabisa, ni kifo kibaya. Kama bwawa ni la turubai la kuta zilizosimama, weka ubao mmoja wa mshazari, akitumbukia apate pa kutokea, asizunguke humo mpaka achoke.

Nimesema bwawani. Ziwani ni habari nyingine na hapa naomba msichanganye. Ziwa Tanganyika lina nyoka wake wa samaki asiye na sumu, Lycodonomorphus bicolor, duniani kote yupo kwenye ziwa hili tu, mchana anajificha kwenye mawe na giza likiingia anatoka kuwinda. Lakini kuna na kobra wa maji, ana sumu ya kushambulia mishipa ya fahamu, anaweza kupita mita 2, anazama mpaka kama mita 25 na kukaa chini dakika kama 10 bila kupumua. Kobra huyu wa ziwani kwetu mwili ni wa kahawia na mikanda myeusi ipo shingoni tu. Mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi nilimsalimia shikamoo nikamuuliza kuhusu huyo, akanijibu, "Marahaba mwanangu. Yule hana ugomvi na mtu, anataka samaki wake. Ila usimkanyage kwenye mawe na usimtoe kwenye nyavu kwa mkono." Ndivyo ilivyo, majini anaogelea kukukwepa, shida ni pale amebanwa. Nyumba zilizo karibu kabisa na ufukwe zenye mawe mengi zichukue tahadhari hii, kwamba nyoka mkubwa mnene mwenye mikanda shingoni siyo yule kanyoka ka vyura.

Na akiuma mtu, yeyote yule na hata kama hujui ni aina gani, msichanje na wembe, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, jiwe jeusi nalo acheni. Vueni pete na bangili mapema kabla hapajavimba, mguu au mkono utulizwe usitikiswe, mgonjwa asitembee kwa miguu, abebwe, apelekwe hospitali ya Maweni au nyingine iliyo karibu haraka. Sumu ya kobra inaweza kulegeza misuli ya kupumua, kwa hiyo kope zikianza kulegea au akishindwa kumeza mate, mwambieni nesi pale pale mkifika, msisubiri foleni. Na hakuna haja ya kupoteza muda kumtafuta nyoka ili mumpeleke naye, kama kuna aliyempiga picha na simu kwa mbali inatosha.