Mwanao ni mwanangu, ila sheria ina lake

Nipo Mikindani kwa mama, tumekaa jamvini na kijana wangu tunabangua korosho, mikono myeusi kwa jivu na mafuta ya maganda. Ana miaka 24. Nilipoolewa na mume wangu, raia wa Marekani, kijana alikuwa na 19.

Mume akasema, "Mwanao ni mwanangu, namwombea mimi ukaazi wa Marekani." Jamaa mmoja wa kujaza fomu akala hela yetu, akajaza I-130, fomu ya kumwombea ndugu ukaazi, kwa jina la mume wangu. Ikakataliwa. Kumbe mzazi wa kambo anaruhusiwa tu kama ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18! Na yule jamaa alikuwa na picha za harusi mezani, tarehe anaiona.

Sasa nimemwombea mwenyewe kwa grini kadi yangu, kile kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu; yuko kundi la F2B, la watoto wa wenye grini kadi, wa miaka 21 na kuendelea, wasio na ndoa. Foleni ni ya miaka. Akioa kabla sijapata uraia, ombi linakufa.

Jana bibi yake kamwambia, "Mjukuu wangu, nimekuonea mke Naliendele." Kijana akacheka tu. Mimi korosho ikanitoka mkononi.