Dada, wewe ni wa mkondo gani?

Jumanne nilikuwa juu ya ngazi Tandika, Dar es Salaam, naandika bango la saluni, simu ikaita. Brashi mkono wa kulia, simu nikaibana begani. Alikuwa mwenye duka la zawadi za watalii, upande wa Masaki, aliyenunua picha zangu mbili mwaka jana.

"Dada, nina oda yako. Tembo kumi na wawili, mlima kwa nyuma, mti mmoja. Elfu thelathini kila mmoja, wiki mbili."

Nikamwambia sichori tembo.

Akacheka. "Si wewe ni mtu wa Tingatinga?"

Namwelewa. Natumia rangi ya baiskeli kama wachoraji wa Tingatinga, nachora kwenye hadibodi, au kwenye kitambaa cha marekani nilichokiwamba mwenyewe na kukipaka gundi na rangi nyeupe ya ukutani. Mtu akiona ule mng'ao tu, keshanipa jina.

Jina lenyewe lina vituko. Mtoto wa dada yangu akisikia "tingatinga" anatafuta lile dude la njano linalochimba barabara. Ikabidi nimweleze kwamba palikuwa na mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyekuja mjini kutafuta riziki kama babu wa mtoto huyu alivyokuja. Karibu mwaka 1968 akaanza kupaka rangi za dukani kwenye vipande vya bodi, na picha zikawa zinauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kimakosa, akafa. Miaka minne tu. Mtoto akauliza, "Sasa yeye alijua kwamba ni Tingatinga?" Nilikosa jibu hapo hapo, na sijaacha kulifikiria swali hilo. Yule mzee alikuwa anachora mnyama wake, ndege wake, mara nyingine watu, nyuma ameacha rangi moja imetulia. Hakuwa na mtu wa kumwambia hii siyo Tingatinga. Ubini wake uligeuka aina ya picha baada ya yeye kuondoka, ndugu na wanafunzi wake walipobaki na brashi na matumbo ya kulisha. Mwaka 1990 wakawa na ushirika wao, na jina hilo limelipa ada za watoto wengi mjini hapa. Mimi siwabezi. Nimekaa kwenye mabenchi yao, nimekunywa kahawa yao, na kijana mmoja pale anavuta mstari wa shingo ya twiga bila kupumua. Mimi siwezi.

Ila niliwahi kujaribu. Mwaka 2019, ada ya shule, nikapokea oda ya twiga ishirini. Wa kwanza nilimpenda. Wa tatu nilimfanya huku naongea na simu. Kufika wa saba nikagundua mkono unakwenda wenyewe: doa, doa, doa, jicho, kope tatu. Nilikuwa nawaza bei ya mkaa. Nikawamaliza wote, nikalipwa, ada ikaenda. Halafu nikakaa karibu miezi miwili kila nikigusa bodi mkono unataka kuanza na shingo. Hata nikichora mlingoti wa taa unatoka na madoa. Mjomba wangu, aliyenifundisha mabango, akaniangalia akasema, "Umeazima mkono wa mtu, sasa haurudi kwao."

Wasomaji wengine watasema, basi hamia kule kwenye sanaa ya kisasa, wako huru. Hee! Kule nako nilikwenda. Kuna maonyesho fulani, sitayataja, walinipa fomu ya kujaza. Kipengele cha mkondo wa sanaa kilikuwa na visanduku vitatu: Tingatinga, Kisasa, Nyingineyo. Nikatia alama cha tatu, pembeni nikaandika "Tandika". Binti aliyepokea fomu alikuwa na adabu sana, shikamoo juu, akanieleza kwamba wanunuzi wa nje wanapenda kujua picha inakaa rafu gani. Kisha akaniuliza picha zangu zinasema nini kuhusu Afrika. Nikamwambia hii inaonyesha watu wanashuka kwenye pantoni. Akaandika kitu kirefu. Siku ya ufunguzi nikakuta ukutani kibao kinasema mimi ni "baada ya Tingatinga". Kumbe nina foleni na mimi!

Kwangu mimi mwenye duka la tembo na yule binti wanauliza swali moja, ila mmoja anaulizia akiwa amevaa kandambili.

Najiuliza wangemweka wapi mchoraji Sam Ntiro. Mtu wa Kilimanjaro, alisoma chuo cha sanaa cha Slade kule London, akawa balozi wetu Uingereza, na bado alichora wanakijiji wa kwao wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo iko kwenye jumba la makumbusho New York. Sijui nani alimjazia fomu.

Tuje kwenye pantoni, maana hiyo ndiyo kazi iliyonitesa. Nilitaka ile dakika mlango wa chuma wa pantoni unaposhuka kivukoni Magogoni, kabla haujagusa zege. Bodaboda wameshawasha, mama wa samaki ameshainua ndoo kichwani, na kila mtu ameegemea mbele kidogo kama nyasi. Watu hawakunisumbua. Maji ndiyo yaliyonisumbua. Ukipaka bluu ya kopo unapata kadi ya posta. Pale maji yana kijani kilichochoka, na chini ya mlango yanakuwa kama chai iliyosuuziwa kikombe. Nilikwangua mara tatu kwa msasa. Mwisho nikachanganya kijani cha baiskeli na masalia ya kahawia tuliyopakia geti la mtu Mtoni, thina kidogo, ikakubali. Ilikuwa masika, rangi ikakaa siku tatu inanata, inzi akatua mawinguni akafia hapo. Nikamwacha.

Kazi hiyo ilinichukua wiki sita, na hakuna aliyenisukuma kwa sababu mabango ndiyo yanayonilisha. Bango la saluni ni laki moja na nusu, nusu mkononi kabla sijapanda ngazi. Mwenye saluni akitaka herufi za waridi, napaka waridi. Sina ugomvi naye, saluni ni yake. Kwa hiyo picha hainidai kodi, wala mimi siidai. Ingawa nisiwadanganye, laki tatu na sitini za tembo nimezikataa nikiwa nadaiwa miezi miwili na mwenye nyumba, na usiku ule nilipiga hesabu zaidi ya mara moja.

Pantoni kainunua mama ntilie wa mtaani kwetu. Alikuja kukopesha wali, akaiona imeegemea ukuta, akasema yule wa ndoo ya kijani ni yeye kabisa. Tukakubaliana laki na ishirini, anadunduliza elfu tano kila Jumamosi, wiki nyingine analipa kwa wali maharage. Daftari langu linasema amefika elfu sabini na tano na sahani kumi na moja. Ameitundika juu ya meko. Moshi umeanza kuyafanya mawingu yawe ya njano, nikaenda na kitambaa na sabuni nifute, akanifukuza: "Acha hivyo mwanangu, ndiyo jioni yenyewe."

Jana nilikuwa pale nakula. Akaingia mteja mgeni, shati la kuchomekea, akaitazama picha, akauliza ni ya aina gani.

"Tingatinga hiyo," mama akajibu, kifua mbele. "Orijino."

Nikaongeza pilipili, nikaendelea na maharage yangu.